Entebbe kwa saa moja na dakika hamsini: mama atakula nini?

Swali la msomaji wa Bujumbura:

"Assalamu alaykum. Mimi ni mkazi wa Buyenzi. Mwezi ujao nampeleka mama Mombasa kwenye harusi ya mjukuu wake. Tunabadilisha ndege Entebbe: ya kwanza inatua 12:10, ya pili inaondoka 14:00. Mama ana miaka 68, ana kisukari na hujidunga insulini kabla ya kula. Nimeambiwa ndege hizi fupi hutoa kitafunwa na soda, basi. Je, tutapata nafasi ya kukaa tule chakula cha mchana cha maana? Hiyo rolex ya Uganda tunayoisikia, chapati na mayai, ipo pale uwanjani? Na ni kweli kwamba chakula cha nyumbani hunyang'anywa kwenye ukaguzi? Mwisho, nina ndagala, dagaa wetu wa Tanganyika, za zawadi, sijui niziweke wapi."

Wa alaykum salaam, dada yangu, na hongera kwa harusi.

Chakula cha kukaa mezani, kuagiza na kusubiri: hapana, muda hautoshi. Kula mpaka mama ashibe: inawezekana kabisa, ila sehemu kubwa ya chakula hicho itoke jikoni kwako Buyenzi asubuhi ya safari. Nimefanya kazi miaka kumi na saba katika jiko linalopika chakula cha ndege hapa Entebbe, na katika miaka hiyo nimewaona abiria wengi wakiacha sahani imejaa mezani, wakikimbilia getini na njaa yao ileile. Karibu wote walihesabu muda kuanzia pale ndege ilipotua.

Wewe anza mwisho, urudi nyuma. Ndege yenu inaondoka 14:00, yaani saa nane mchana. Hiyo ni saa ya ndege kuanza kusogea. Geti hufungwa dakika kama 15 au 20 kabla yake, na abiria huanza kuitwa dakika kama 45 kabla. Kwa mzee anayetembea polepole, weka saa saba na robo kuwa mwisho wa kula. Sasa tazama upande wa kutua. Magurudumu yakigusa ardhi saa sita na dakika kumi, mpaka ndege isimame, mlango ufunguliwe, mabegi yashushwe na mama ateremke, dakika 15 zimekwenda. Bado kuna meza ya abiria wanaounganisha, kuna foleni ya kukaguliwa upya kwenye mashine, na huenda mama akahitaji choo. Dakika 25 hapo ni za kawaida. Imeshakuwa saa saba kasoro dakika kumi. Saa moja na dakika hamsini zilizoandikwa kwenye tikiti zimebaki dakika 25 za kutia kitu kinywani. Ndege ya kwanza ikichelewa dakika 20, unabaki na dakika tano, na kwa dakika tano hata chai huwezi kuipuliza ikapoa.

Kuna mtego mwingine unaowakamata sana watu wa kwenu. Burundi iko nyuma ya Uganda kwa saa nzima. Kigali nako ni vilevile, na Goma, na Juba pia tangu Februari 2021 walipoirudisha saa yao nyuma. Saa zote zinazoandikwa kwenye tikiti ni za mahali husika, kwa hiyo 12:10 ni ya Entebbe, na saa ya mkononi mwako itakuwa inasema tano na dakika kumi. Simu yenye laini ya Burundi isipopata mtandao inabaki na saa ya Bujumbura, nawe unaiamini kwa sababu ni simu. Mkiwa bado hewani, isogeze mwenyewe mbele saa moja.

Na muulize kila anayekutajia saa: ya Kiswahili au ya Kizungu? Hapa Uganda Waganda nao huhesabu kama sisi, saa ya kwanza ya asubuhi ikiwa ni moja, lakini mhudumu aliyezoea Kiingereza akijaribu Kiswahili hutafsiri tu tarakimu. Nilimkuta mzee mmoja ameketi kwa utulivu, anatafuna karanga zake, kijana fulani amemwambia ndege yake ni "saa mbili". Kijana alimaanisha 14:00. Mzee alikuwa akiisubiri saa mbili ya usiku.

Kabla ya chakula, hakikisha jambo moja ambalo hukuniandikia: tikiti ni moja au ni mbili? Kama safari yote ya Bujumbura mpaka Mombasa iko kwenye tikiti moja, mizigo mikubwa kwa kawaida hubandikwa lebo ya Mombasa palepale mwanzo, nanyi mnabaki ndani upande wa abiria wa kupita. Ukiwa ulinunua mbili tofauti kwa sababu ya nafuu, hadithi ni nyingine. Mtapita Uhamiaji mwingie Uganda, mtaonyesha kadi za chanjo ya homa ya manjano, mtasubiri mabegi, mtazunguka kujiandikisha upya, na dawati la safari za nje hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuondoka. Katika hali hiyo suala la chakula lifute kabisa, shughulika na kuiwahi ndege. Mimi ningebadilisha safari.

Haya, tufanye tikiti ni moja. Simu yako ya kwanza kwa shirika la ndege, siku mbili au zaidi kabla ya safari, iwe ya kuomba kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama. Najua wazee wetu. Mama atasema yeye si mgonjwa, miguu anayo. Mwambie kiti hicho si cha kiwete tu. Kuna aina inayoandikwa WCHR kwenye mfumo wao, ya mtu anayeweza kupanda ngazi mwenyewe ila masafa marefu yanamchosha. Anayesukuma kiti anaijua njia, anajua foleni ipi inakwenda, na mara nyingi mnapitishwa pembeni. Katika dakika zako 25, hapo unaweza kuongeza kumi nyingine. Hakuna mgahawa utakaokuuzia dakika kumi.

Sasa chakula cha nyumbani. Aliyekwambia kinanyang'anywa amesema nusu ya ukweli. Kinachozuiwa ni majimaji. Baada ya njama ya kulipua ndege kwa vinywaji kugunduliwa Uingereza Agosti 2006, viwanja vingi duniani vinafuata kanuni ya mililita 100 kwa kila chupa. Na mkaguzi haulizi kama ni chakula au si chakula, anatazama kama kinamwagika au kinapakika. Kwa hiyo maji, juisi, uji, maziwa ya mgando, asali, mchuzi, isombe iliyolowa mafuta, na huu mchuzi wetu wa karanga tunaouita binyebwa, vyote vinaweza kuishia kwenye pipa. Chapati hailalamikiwi na mtu. Wala mkate, mandazi, ndizi, karanga, tende au kiazi kitamu. Kijiko kinapita, kisu kiache nyumbani.

Lakini kupita kwenye mashine si kipimo cha usalama, na hapa naomba unisikilize kama mpishi. Chakula kilichopikwa kina adui anayeitwa uvuguvugu. Kikiwa cha moto kinatakiwa kikae juu ya nyuzi 60, kikiwa cha baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo vijidudu huzaana kwa raha zao. Jikoni kwetu chakula kikitoka kwenye moto hakiachwi mezani kipoe chenyewe. Huingizwa kwenye mashine ya kukipoza haraka, kikakaa kwenye baridi mpaka ndani ya ndege, ndipo kikapashwa. Na hata hivyo mashirika mengi hayawaruhusu rubani na msaidizi wake kula sahani ya aina moja, ili ikitokea bahati mbaya asiumwe tumbo kila anayeweza kuishusha ndege.

Kanuni ya nyumbani ni saa mbili. Chakula chenye unyevu kilichopikwa, kama wali, nyama, samaki, maharage au mayai, kisikae nje ya baridi zaidi ya hapo, na penye joto kali la zaidi ya nyuzi 32 kisizidi saa moja. Wewe ukipika alfajiri, ukatoka nyumbani saa moja, mpaka dakika zile 25 za Entebbe zifike, zimepita saa karibu tano. Wali wa pilau ndani ya bakuli lililofunikwa moto, kwa saa tano, hata ukinukia karafuu namna gani, mimi simpi mama yangu. Wali una kijidudu chake ambacho mbegu zake haziuawi na kuchemka, na sumu yake ikishatengenezwa haiondoki kwa kupasha.

Kwa hiyo pika vikavu. Mama yangu, Mnubi wa Bombo, aliyekuwa akisafiri na basi kwenda Arua wakati safari hiyo ilikuwa ya kutwa, hakubeba sufuria. Alibeba gurusa, mkate wetu mwembamba wa kikaangoni, ameupoza kwanza mpaka umetoa mvuke wote, akaukunja na kuufunga kitambaa safi, na kando karanga za kukaanga. Huo upoaji ni muhimu: chapati inayofunikwa ingali ya moto hutoa jasho, na jasho ndilo linaloichachua. Wewe fanya chapati mbili za mama, zisizojaa mafuta, karanga konzi mbili, ndizi mbivu zenye maganda yake, na tende. Yai la kuchemsha ni zuri kwa mwenye sukari, lakini libebe tu kama una mfuko wa baridi. Na barafu ya mfuko huo iwe imeganda kama jiwe wakati wa ukaguzi, maana ikianza kuyeyuka nayo inahesabiwa kuwa majimaji.

Kisha pale Entebbe nunua kitu kimoja tu cha moto cha kusindikizia. Sehemu za kula zipo ndani, baada ya ukaguzi. Usifungue menyu. Nenda moja kwa moja kaunta uulize, "Kilicho tayari sasa hivi ni kipi?" Sambusa iliyoko kwenye kabati la joto, chai, kahawa, supu ikiwepo na inatoa mvuke. Mhudumu akisema "dakika kumi tu", dada, shukuru uondoke. Dakika kumi za jikoni nimeziishi, nazijua urefu wake. Mimi mwenyewe siku moja nikiwa abiria, si mpishi, niliagiza samaki wa kukaanga katika uwanja fulani wa nchi jirani kwa sababu nilimwona ametoka ziwani siku ileile. Alikuja baada ya dakika arobaini, mzuri, mkia unaning'inia nje ya sahani. Nilimla jicho moja nikaenda.

Ukiongea nao, Kiswahili wengi watakuelewa, ila lainisha. Kiswahili kiliwafikia watu wengi wa huku kwa mdomo wa askari, na "lete chai" inaweza kuingia sikioni kama amri ya kambini. "Naomba chai, nyabo", yaani bibie kwa Kiganda, itakuletea chai na tabasamu juu.

Kuhusu insulini. Mimi si daktari, na dozi ya mama iamuliwe na anayemtibu, mkamwone kabla ya safari mkiwa na ratiba hii mkononi. Lakini kuna makosa ya usafiri ambayo nimeyaona kwa macho, na hayo naweza kukuonya. La kwanza ni kujidunga kwa kutegemea ahadi. Abiria anasikia mikokoteni inagongana nyuma ya ndege, anajua chakula kinakuja, anajidunga. Ndege inaingia kwenye mawingu mabaya, wahudumu wanaamriwa kuketi, mkokoteni unarudi. Insulini ya chakula iko mwilini, chakula hakipo. Mama asijidunge mpaka chakula kiwe mbele yake, anakiona, anaweza kukigusa. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kukung'ang'ania chapati za nyumbani: chapati iliyo ndani ya begi lako haisubiri foleni wala hali ya hewa.

Insulini yenyewe ikae kwenye begi la mkononi. Usiipeleke kwenye begi linalopakiwa chini, kwa sababu huko inaweza kuganda, na ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka ikaonekana sawa. Kalamu aliyokwisha kuianza, kwa aina nyingi, huvumilia joto la kawaida lisilozidi nyuzi 30 kwa wiki kama nne, hivyo kwa safari ya siku moja haihitaji barafu. Na ukiiweka kwenye mfuko wa baridi, isigusane na barafu. Beba barua ya daktari na uitaje kwa mkaguzi kabla hajaikuta mwenyewe. Dawa za majimaji huruhusiwa hata zikizidi mililita 100, lakini mtu akiikuta sindano ambayo hukuisema, dakika zako 25 zinaanza kuyeyuka mbele yake.

Uwe pia na dawa ya sukari kushuka, na iwe mfukoni mwako, isiwe kwenye kabati la juu. Gramu 15 za sukari ya haraka ndizo zinazopendekezwa kwa kawaida, ambazo ni kama vijiko vitatu au vinne vya chai, kisha mnasubiri dakika 15 na kupima tena. Juisi ingefaa, lakini ya nyumbani haitapita. Beba vidonge vya glukosi au vipakiti vidogo vya sukari, kisha ukishavuka ukaguzi wa Entebbe nunua juisi ndogo uiweke akiba.

Kuna faraja ndani ya ule mtego wa saa. Mkipata nafasi ya kula Entebbe saa saba kasoro dakika kumi, mwili wa mama bado uko Bujumbura, na huko ni saa sita kasoro dakika kumi. Kama kwa kawaida anakula saa sita, hatakuwa amechelewa hata kidogo. Ndege ikichelewa mkakosa nafasi, anaweza kula chapati zake kwenye kiti cha ndege ya pili. Kwa kawaida abiria hakatazwi kula chakula chake mwenyewe akiwa hewani.

Tumbo nalo litazamwe. Ndani ya ndege hewa haishindiliwi mpaka ifanane na ya chini. Inawekwa kama ile ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Bujumbura mko chini ya mita 800. Gesi yoyote iliyo tumboni hutanuka, hata kufikia robo hivi, kama unavyoiona pakiti ya krispi inavyovimba. Kwa hiyo maharage ya usiku wa kuamkia safari, kabichi, na soda anayopewa bure, hivyo vyote mama atavilipia akiwa juu. Anywe maji. Hewa ya ndege ni kavu mno, na mwenye sukari hukauka upesi zaidi.

Kwa nyama na Uislamu: mashirika mengi yana sahani maalumu zinazoagizwa kwa herufi nne. MOML ni ya Waislamu, DBML ni ya wenye kisukari, na huagizwa angalau saa 24 kabla, wengine hutaka 48. Shida ni mbili. Kwa abiria mmoja kwa kawaida unachagua moja, huwezi kupata zote mbili. Na katika ndege ya saa moja, ambako wanagawa kitafunwa tu, maombi haya mara nyingi hayana maana. Uliza tu kama ndege yenu inatoa sahani. Uwanjani, muulize mhudumu kuhusu nyama kabla ya kulipa, na ukiona anababaika, chagua mboga au chai. Tena chapati zako hazina swali.

Sasa rolex, maana nahisi ndiyo uliyoitaka kweli. Jina halihusiani na saa ya mkononi. Ni "rolled eggs", mayai yaliyokunjwa, kwa Kiingereza cha haraka haraka cha mtaani, yaani mayai yaliyokaangwa na vitunguu, nyanya na kabichi kidogo, yakalazwa juu ya chapati na kukunjwa pamoja. Kampala wameipa mpaka tamasha lake, lililoanza 2016. Rolex ya kweli iko barabarani, mbele ya jiko la mkaa na bamba jeusi. Mji wa Entebbe uko jirani kabisa na uwanja, na mtaa wa Kitoro una vijana wanaokunja rolex usiku kucha. Usithubutu. Kutoka nje ni Uhamiaji, kurudi ni kizuizi cha barabarani ambako abiria hushushwa kwenye gari wakakaguliwa kwa miguu, kisha ukaguzi wa mlangoni, kisha Uhamiaji tena. Hata mwenye kusubiri saa nne simshauri. Mwenye saa sita au saba, na mvua haijanyesha, haya, aende. Ndani ya uwanja ukikuta mahali panauza rolex na bamba liko moto, inapikwa kwa dakika chache na inalika kwa mkono mmoja, kwa hiyo ni chakula cha busara kwako wewe. Kwa mama mwambie mpishi akaushe yai vizuri, asiliache linatetemeka. Nayo kabichi, nimeshasema.

Pesa: usije na faranga za Burundi ukitegemea kuzibadilisha. Beba dola chache, mpya, safi. Noti za zamani na zilizochanika hukataliwa hapa bila huruma, na noti ndogo hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko za mia. Kama una jamaa Kampala, mwombe akuletee kwenye safari yake shilingi za Uganda, noti za elfu tano na elfu kumi. Chenji ya uwanjani inakula muda kama samaki wangu. Na bei za ndani ya uwanja hazifanani na za mjini. Usibishane, nunua kidogo.

Ndege ikichelewa sana na tikiti ni moja, nenda kaunta ya shirika uulize kwa upole kama kuna vocha za chakula. Mara nyingi zipo, ila hupewa aliyeuliza. Taja kwamba mama ana kisukari. Hilo hufungua milango haraka kuliko sauti kubwa.

Vyombo vya chakula: acha mifuko ya plastiki. Hapa Uganda kaveera, ndiyo hiyo mifuko, bado inafungia kila kitu, hata rolex, lakini Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 28, 2017, na hutaki kuanza harusi kwa kuvuliwa mfuko mlangoni Mombasa. Tumia bakuli lenye mfuniko, kitambaa au karatasi. Ndizi na matunda mengine mabichi yamalizeni kabla ya kutua. Kenya wana wakaguzi wa mimea, na ndizi moja haifai kujieleza kwao.

Ndagala nazo. Kwenye begi la mkononi, hapana, nakuomba. Harufu ya dagaa wa Tanganyika ndani ya ndege iliyofungwa ni kitu ambacho mimi na wewe tunaweza kukipenda, lakini abiria wa kiti cha nyuma hajaalikwa harusini. Hapa kwetu Novemba 2021 kulikuwa na video iliyozunguka ya abiria anauza senene ndani ya ndege ya kwenda Dubai, watu wakacheka wiki nzima, ila waliohusika hawakucheka. Ndagala ziwe zimekaushwa kabisa, zisiwe na unyevu, uzifunge karatasi tabaka tatu, kisha ziingie kwenye chombo kigumu chenye mfuniko wa kubana, katikati ya begi kubwa, mbali na nguo za harusi. Forodha wakiuliza una chakula, sema ninacho, samaki wakavu wa zawadi, na ufungue mwenyewe. Kilo mbili za jamaa hazifanani na gunia la biashara.

Na umwambie atakayewapokea Mombasa asiwapeleke nyumbani moja kwa moja. Mtafika jioni, saa za viazi karai. Mama apime sukari kwanza.